Tope Kwenye Baiskeli za Rugamba

Lilianza na tope, na tope lenyewe lilikuwa la mwezi wa saba. Anayeijua Kigali anajua mwezi wa saba hauna tope. Vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye chumvi, shuka inaanikwa nyeupe na kuanuliwa rangi ya tofali, na mtu akitema mate barabarani yanakauka kabla hajafuta mdomo. Sasa asubuhi ya Jumanne moja, mwaka wa tisini na mbili, Mukunde alifungua chumba cha nyuma ili afagie, akakuta tairi la mbele la ile baiskeli ndogo ya bluu limelowa. Tope bichi, zito, limejaa katikati ya meno ya tairi, na tone moja lilikuwa linaning'inia, halijaamua kudondoka.

Baiskeli yenyewe ilitundikwa ukutani kwa misumari miwili mikubwa, juu kiasi cha kifua cha mtu. Chumba kilifungwa kwa kufuli. Ufunguo ulikuwa mmoja, ukikaa kiunoni mwa mumewe, naye alimpa kila Jumanne kwa ajili ya kufagia tu, asiguse kitu.

"Rugamba," aliita. "Nani kashusha baiskeli?"

Rugamba alikuja na mswaki mdomoni. Alilitazama lile tope muda mrefu, halafu akafanya jambo ambalo Mukunde hakulitegemea. Alitabasamu.

"Usilifute," alisema. "Acha lilivyo."

Huyu Rugamba alikuwa fundi baiskeli pale njia panda ya Nyakabanda, na kazini kwake hakuwa na uchaguzi hata kidogo. Baiskeli ya mkaa ikija imevunjika pedali, alifunga pedali ya baiskeli ya maziwa. Rimu ya huyu, mnyororo wa yule, breki ya marehemu fulani, mradi mzigo ufike mlimani. Lakini nyumbani alikuwa mtu mwingine. Ndani ya kile chumba alikuwa na BMX saba, zile baiskeli fupi za watoto za mashindano, na zote zilikuwa za asili kama zilivyotoka kiwandani: rangi yake ileile, stika zake zilezile, kibao cha namba mbele ya usukani, vifuko vya sponji kwenye fremu, hata nati. Neno "asili" lilikuwa halimtoki mdomoni. Aliwahi kutembea kwa miguu mpaka Kagarama kwa sababu mtu alimwambia kuna mtu mwenye pedali moja ya namna hiyo. Akarudi nayo amechoka, amefurahi kama aliyeletewa mchumba.

"Mama Kirezi, bwana yako iko na baiskeli saba na wewe unaenda sokoni kwa miguu," alisema Daphrose, jirani wa ukuta kwa ukuta, muuza bia ya mtama, aliyezijua habari za mtaa kabla ya wenyewe. "Si akupe moja uendeshe."

"Nikae wapi, kwenye kile kitandiko kama andazi?"

"Kaa hivyo hivyo. Nusu yako itafika leo, nusu utarudi kuifuata kesho."

Walicheka, lakini walichekea chini. Nyakabanda nzima ilijua zile baiskeli zilianzia wapi. Hata hilo jina la Mama Kirezi lilikuwa jipya. Zamani alikuwa Mama Cyusa, na kwa muda majirani walipata taabu wamwite nani, wakawa wanamsalimia bila jina.

Cyusa alikuwa mtoto wao wa kwanza. Jumamosi Rugamba alikuwa akipanda Kiyovu kutengeneza baiskeli za watoto wa Wazungu, waliokuwa na uwanja wao wa udongo, wenye vilima vya kuruka na mistari ya chokaa. Cyusa aliganda kwenye uzio akitazama mbio, na akirudi nyumbani hataki kulala. Anapiga mbio uani ameshika usukani wa hewa, anajitangazia ushindi mwenyewe. Baba yake akamwahidi: nitakuletea yako, ya mashindano, ya kweli. Mvua za mwezi wa tatu mwaka wa tisini zikaja na homa ya mapafu. Mtoto alikuwa siku ya tatu hospitalini pale Rugamba alipopata habari kwamba familia moja ya Kiyovu inaigawa BMX ya bluu. Alimwinamia mwanawe. "Pona, nakwenda kuileta." Akatoka mvua ikinyesha. Mvua ikazidi, maji yakafunga njia, na aliporudi jioni akisukuma ile baiskeli, tope mpaka magotini, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Aliuliza swali moja tu. "Alisema nini?"

"Hakusema kitu," Mukunde alimjibu.

Alidanganya. Mtoto alisema. Lakini siku ile Mukunde hakuwa na moyo wa kumpa chochote mwanamume aliyekwenda kufuata baiskeli. Alimnyima maneno yale kwa hasira, baadaye akayaficha kwa huruma, na mwisho yakabaki humo kwa sababu hakujua tena aanzie wapi kuyatoa. Hata mama yake mzazi hakumwambia.

Mwezi wa kumi mwaka ule vita vikaanza kaskazini, Wazungu wengi wakaondoka ndani ya wiki moja, na watoto wao wakaziacha baiskeli kwa wapishi na walinzi. Hapo ndipo Rugamba alipoanza kukusanya. Ile ya bluu ilikuwa na tandiko lililobadilishwa, akalitafuta lake la asili miezi saba. Alipolipata akatulia wiki mbili, kisha akaleta baiskeli nyekundu. "Hii ndiyo yenyewe," alisema. Baada ya muda hiyo nayo haikuwa yenyewe, akaleta ya njano. Mukunde hakuuliza. Alidhani kila mtu ana namna yake ya kulia, na ya mumewe ina magurudumu.

Siku hizo watu hawakuruhusiwa kutembea usiku, kwa hiyo Rugamba alikuwa nyumbani kabla ya giza. Jua likigusa mlima, aliingia kile chumba, akafunga mlango, na Mukunde akiwa kwenye cherehani yake barazani alimsikia akiongea taratibu.

"Unaongea na nani humo?"

"Na baiskeli."

"Zinajibu?"

"Moja inajibu."

Mukunde alicheka. Rugamba hakucheka. Baada ya lile tope la mwezi wa saba, alimvuta mkewe karibu, akamnong'oneza sikioni kama mtu anayeogopa kuisikia sauti yake mwenyewe. "Ni Cyusa, Mukunde. Mwanetu anakuja."

"Usiseme hivyo."

"Anakuja kila jioni."

"Anasema nini?"

Rugamba aliinamisha kichwa. "Mambo yetu, mimi na yeye."

Tangu hapo Mukunde naye akaanza kusikia. Kwanza ule mlio wa gurudumu la nyuma likizunguka lenyewe, tik, tik, tik, haraka halafu polepole halafu kimya, kama mtu ameacha kukanyaga na anateremka. Kisha harufu. Ilipita chini ya mlango, harufu ya mpira uliolowa na dawa ya kusafishia sakafu ya hospitali, na nje jua linachoma. Jumanne alikuta tope kwenye tairi mbili, Jumanne iliyofuata kwenye zote. Rugamba akawa anakonda. Sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyokwenda.

Mukunde angevumilia hayo yote, maana mwanamke aliyezika mtoto haogopi haraka. Lakini Kirezi akaanza kukohoa.

Kirezi alikuwa na miaka saba, mnene wa mashavu, mbishi. Kikohozi chake kilikuwa kile kile cha kaka yake, kikavu, chenye kijifilimbi mwishoni, na Mukunde alipokisikia mara ya kwanza sindano ya cherehani ilimpita kidoleni asiihisi. Alimpeleka zahanati wakampa dawa ya maji. Chupa ikaisha, kikohozi hakikuisha. Mtoto akaanza kuamka amechoka, miguu inamuuma, na alipoulizwa alicheza wapi alisema hajacheza, ameendeshwa tu.

Alfajiri moja Mukunde alipapasa kitandani akakuta nafasi ya Kirezi ni baridi, na akainuka bila kuwasha taa kwa sababu mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi na kufuli likiwa bado limefungwa kwenye pete yake, limening'inia kama halikuhusika, na kutoka ndani ule mlio wa tik, tik, tik ulikuwa unakwenda kasi kuliko siku zote, na ile harufu ilikuwa nzito kiasi cha kumfanya aone tena shuka za hospitali, na alipoweka mguu kizingitini alikanyaga maji, maji ya baridi ya mvua ambayo haikunyesha, na kwenye mwanga ule wa kijivu alimwona Kirezi ameketi juu ya baiskeli ya bluu, pale pale juu ukutani, mgongo umenyooka, mikono imeshika usukani, macho wazi, nywele zinapeperuka nyuma kama mtu anayeteremka mlima, na ndani ya chumba kile hapakuwa na upepo.

Hakupiga kelele. Alimkumbatia kiunoni akamvuta. Vidole vilikuwa vimekaza, akavibandua kimoja kimoja. Viganja vya mtoto vilikuwa na alama za mipira ya usukani, vijistari na vinundu, na alama zile hazikufutika siku hiyo wala wiki hiyo. Viatu vyake vilikuwa vimejaa tope.

"Mama," Kirezi alisema akiwa nusu usingizini, "kaka hajui kusimama."

Daphrose alipoviona vile viganja aliacha utani wote. Aliwatuma wateja wake wakanywe nje.

"Huyo ni mzimu," alisema kwa sauti ya chini. "Ni wa kwenu. Wa nyumbani hafukuzwi, dada yangu. Anaulizwa anataka nini, anapewa, anakwenda kulala. Bibi zetu walifanya hivyo."

"Sisi ni Wakatoliki, Daphrose."

"Na mimi? Padri aliyetubatiza ni mmoja, alituunguza ulimi na chumvi ileile. Nenda umuulize."

Mukunde aliona aibu, lakini jioni ile, Rugamba akiwa msalani, alisimama mbele ya mlango uliofungwa. Ndani gurudumu lilikuwa linazunguka.

"Kama wewe ni mtoto wangu," alisema, "niambie uliniambia nini kabla hujaenda. Tulikuwa wawili tu."

Gurudumu likasimama. Kisha karibu sana, upande wa pili wa ubao, mahali ambapo mdomo wa mtoto wa miaka tisa ungefika, sauti ikasema:

"Sema wewe, mama."

"Niambie wewe."

"Sema wewe."

Mukunde alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta. Alielewa, au alidhani ameelewa. Aliyeko mle ndani hajui. Anayatafuta maneno ya marehemu ili ayavae.

Kesho yake aliteremka Biryogo, mtaa wa Waislamu, kwa Maalim Kalisa, kitambaa kikiwa kimeshushwa mpaka kwenye nyusi ili wa kwaya ya kanisa wasimtambue. Walimtambua watatu. Maalim alikuwa mzee mfupi mwenye kikohozi chake mwenyewe na glasi ya chai isiyoisha. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mtoto wako yuko kwa Mola wake, mama. Huyo ni jini," alisema. "Sikia ninavyojua mimi. Kitu kinachotumika kila siku kinabadilika, leo nati, kesho tairi, jini hapati pa kukaa. Mumeo amevikusanya vitu akavizuia visibadilike. Amemjengea nyumba. Na sasa anataka mtu wa kukaa naye."

"Nifanye nini?"

"Azifungue mwenyewe, kwa mikono yake, mchana. Kila kipande kiende kwenye baiskeli ya kazi, vipande viwili visikae pamoja. Kisomo nitafanya mimi. Na yale maneno aliyokuomba," alinyoosha kidole, "usiyatamke ndani ya nyumba ile mpaka kipande cha mwisho kitoke. Ukiyatamka, umempa funguo."

Rugamba alipoambiwa alikataa. Alikaa sakafuni katikati ya baiskeli zake kama kuku juu ya mayai. Mukunde hakubishana. Alikwenda akamleta Kirezi, akamweka mapajani mwa baba yake, akamfungua viganja. Mtoto alikohoa. Kile kijifilimbi kikalia mwishoni. Rugamba alikisikia, akafumba macho.

"Mmoja alinitoka nikiwa nimefuata baiskeli," alisema. "Nipe spana."

Kazi ilichukua siku tatu. Maalim alikaa uani kwenye kigoda, akisoma na kupuliza, ubani ukifuka, na Rugamba alifungua. Ile pedali iliyompeleka Kagarama na mwenzake zilikwenda moja kwa muuza maziwa, nyingine kwa mbeba matofali. Habiyaremye wa mkaa alipewa mipira myekundu ya usukani, yenye nyota, akauliza kama sasa anatakiwa kuruka vilima na magunia yake. Akajibiwa na Daphrose kwamba ajaribu, mradi asivunje shingo kabla hajalipa bia. Watu walicheka kidogo. Kisha gurudumu la nyuma likatolewa, na kutoka ndani ya chumba kikaja kilio, na kila mmoja akatazama chini.

Hakikuwa kilio cha kutisha. Hilo ndilo lililowaumiza. Jini lingenguruma, lingetukana, kama majini yanavyosimuliwa, watu wangekimbia na kurudi kusimulia. Hili lililia kama mtoto aliyechapwa na hajui amekosa nini, akijizuia, akivuta kamasi. Kila kipande kilipotoka sauti ilipungua. Rugamba alifungua nati machozi yakimdondoka kwenye spana, na Mukunde aliziba masikio ya Kirezi kwa mikono yote miwili huku ya kwake yakiwa wazi. Mara mbili maneno yalimfika kooni. Mara mbili Maalim alimtazama, akayameza.

Siku ya tatu alasiri ilibaki ile ya bluu. Rugamba alitoa tandiko lililomgharimu miezi saba. Akatoa kibao cha namba. Fremu tupu ilipotoka mlangoni, ikiwa mikononi mwa mtu wa Nyamirambo aliyetaka kuigeuza toroli, chumbani mlisikika pumzi moja, ndogo, ya mtu anayekata tamaa ya kungoja. Basi.

Maalim alikunja mkeka wake. Kirezi alikaa kitako, akasema ana njaa. Akala viazi viwili, akadai cha tatu, akamtukana paka. Kikohozi hakikurudi, na kabla ya giza alama za viganja zilikuwa zimefifia kama wino kwenye maji.

Mukunde na Rugamba walikaa ngazini. Mikono ya Rugamba ilikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko, na usoni alikuwa amezeeka, lakini alikuwa pale, si chumbani. Mukunde alimtazama akaona kwamba hasira ile ya mwaka wa tisini haipo tena, ameitafuta hakuipata.

"Nilikudanganya," alisema. "Siku ile hospitalini. Cyusa alisema kitu."

Rugamba hakugeuka. "Sema."

"Ulipoondoka alilala, akaamka, akakuuliza. Nikamwambia umekwenda kuleta baiskeli. Halafu akasema: 'Mwambie baba, baiskeli sitaki tena. Aje tu.'"

Rugamba alikuwa akifuta grisi kidoleni, kidole kimoja, kilekile.

"'Baiskeli sitaki tena, njoo tu,'" alisema polepole. "Hayo ndiyo maneno yake, Mukunde. Kila jioni. Tangu ile ya kwanza, hakuwahi kusema jingine. Nikadhani anaikataa kwa sababu tandiko si la asili. Nikatafuta tandiko. Akasema sitaki tena. Nikaleta nyekundu. Nikaleta ya njano." Alimtazama sasa. "Nilidhani sijaipata ile yenyewe."

Mukunde aliinuka. Aliikumbuka ile sauti nyuma ya mlango, sema wewe, mama, sema wewe, na akaona kwamba haikuwa ikimuuliza maneno. Ilikuwa ikimtuma kwa baba.

Aliingia ndani, akapita kwenye ubani uliobaki, akasukuma mlango wa chumba cha nyuma. Misumari ilikuwa ukutani, jozi saba. Sakafu ilikuwa kavu.

"Nimemwambia," alisema. "Mwanangu, nimemwambia. Amesikia."

Alingoja. Uani Kirezi alikuwa akigombana na paka. Chumba kilinukia saruji na vumbi la mwezi wa nane, kama chumba chochote cha mtu yeyote, na Mukunde alisimama mle mpaka giza likaingia, akirudia maneno yale, na hakuna aliyemjibu.